Mtoto aende shule na usafiri gani? Kutembea, daladala, basi la shule, bodaboda na gari la nyumbani

Kila Januari wazazi wa Dar es Salaam tunahangaika na sare, madaftari, ada na michango, na suala la mtoto atafikaje shule na kurudi linabaki la mwisho. Hapo mtu anaamua kwa bei, au anafuata alichofanya jirani. Lakini jirani ana mtoto wa darasa la sita na shule iko mtaa wa pili, na wako ana miaka sita na kati ya nyumba na shule ipo Barabara ya Mandela.

Kwenye vikao vya kamati ya shule nilivyokaa, mjadala huu hugeuka haraka kuwa ubishi wa vyombo: huyu na daladala, yule na basi la njano. Mimi naona chombo ni nusu tu ya habari. Ukiifuata safari ya mtoto tangu mlangoni, hatari kubwa iko pale anaposubiri, anapopanda, anaposhuka na anapovuka, na pale ambapo hakuna mtu mzima anayejua yuko wapi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali za barabarani. Jambo hili linastahili muda wetu kama ule tunaotumia kutafuta shule yenyewe.

Mifano mingi hapa ni ya Dar, maana ndiko ninakoishi. Mzazi wa Mwanza au Arusha atabadilisha majina ya barabara tu, na wa Mombasa atabadilisha pia nauli na majina ya mamlaka.

Vitu vya kupima kwanza

Barabara. Mtoto anavuka mara ngapi, wapi, na magari ya hapo yanakwenda kasi gani? Sheria yetu inaweka mwisho wa kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Anayegongwa na gari la kilomita 30 kwa saa ana nafasi kubwa ya kupona. Likifika 50 nafasi hiyo inashuka vibaya, na mwili wa mtoto ni mdogo. Tena mtoto wa chini ya miaka kumi hivi analiona gari linakuja lakini hawezi kukadiria litamfikia lini.

Yuko na nani. Kati ya mlango wa nyumba na geti la shule, nani anamjua kwa jina, na akikosekana nani ataulizwa? Kipimo hiki kinahusu ajali, na kinahusu pia watu wazima wanaowachezea watoto, jambo ambalo vikaoni tunalitaja kwa kunong'ona.

Saa. Dar jua huchomoza kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 na nusu na ushee, kutegemea mwezi. Mtoto anayetoka saa 11 alfajiri anatoka gizani mwaka mzima. Na anayepata usingizi wa masaa sita tu kwa usiku anavuka barabara akiwa nusu usingizini.

Fedha. Hesabu mwezi mzima, kwenda na kurudi, pamoja na siku za masomo ya ziada.

Siku mbaya. Masika, gari kuharibika, dereva kuumwa, wewe kukwama kazini. Uliza kila mpango: siku hiyo mtoto anafanya nini?

Kutembea kwa miguu

Barabara. Ndani ya mitaa, kutembea si hatari kama wengi tunavyodhani. Gari linakwenda polepole kwa sababu ya mashimo, watu wanajuana, na mama lishe wa kona anamwona kila mtoto anayepita. Kila kitu kinabadilika pale njia inapokutana na barabara kubwa: Kilwa, Mandela, Bagamoyo, Nyerere, Morogoro.

Zebra peke yake haitoshi, na hili nalisema baada ya kusimama kwenye kivuko asubuhi nikiangalia. Gari la kwanza linasimama. Mtoto, kwa adabu na kwa furaha ya kupewa njia, anatoka mbio akiwa ameinamisha kichwa. Gari la njia ya pili halijamwona, limezibwa na lile lililosimama, na dereva wake anaona mwenzake amesimama bila sababu, anampita. Mfundishe mtoto kusimama tena kwenye kona ya gari lililompisha, achungulie, ndipo aendelee. Fundisha kwa vitendo, pale pale kivukoni, mpaka afanye bila kukumbushwa. Aangalie kulia, kushoto, kisha kulia tena, kwa kuwa gari la kwanza kumfikia linatoka kulia. Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, atembee upande wa kulia ili aone magari yanayomjia.

Kwenye eneo hili shule zina nguvu kubwa kuliko zinavyojua. Hapa Dar shirika la Amend lilianza kazi ya kukagua mazingira ya barabara kwenye shule za msingi na kuyarekebisha: njia za waenda kwa miguu, matuta, vivuko, hata kuhamisha geti lisifungukie barabara yenye magari mengi. Kazi hiyo, inayojulikana kama SARSAI, ilipata mwaka 2019 tuzo ya miji ya taasisi ya World Resources Institute (WRI). Yaliyofanyika humo si makubwa, ni zege, rangi na matuta. Kamati ya shule inaweza kuyaomba kwa barua, ila lazima ijue barabara ni ya nani: za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Barua nyingi hufia mezani kwa sababu zilipelekwa ofisi isiyohusika.

Yuko na nani. Peke yake, hayuko na mtu. Kwenye kundi la watoto watano sita wa mtaa mmoja, hali ni nyingine kabisa. Wazazi wapeane zamu, kila mmoja asubuhi yake ya wiki, na kundi liwe na mkubwa mmoja wa darasa la sita au la saba anayehesabu wenzake. Asiyetokea kituoni kwao asubuhi, mama yake anapigiwa simu pale pale.

Saa. Hapa kutembea kunashinda. Mwenye shule karibu anatoka jua limeshatoka, amelala vya kutosha na amekunywa chai.

Fedha. Hakuna nauli. Weka fedha kwenye viatu vizuri na koti la mvua, na begi lenye rangi inayoonekana.

Siku mbaya. Mvua. Mfereji ambao jana ulikuwa mkavu leo una maji ya kifua, na shimo la mtaro lisilo na mfuniko halionekani chini ya maji ya matope. Wanaokaa kuanzia Jangwani mpaka pembezoni mwa Mto Msimbazi hawahitaji kuelezwa. Njia ya mvua iamuliwe mapema, hata kama ni ndefu zaidi, na mtoto ajue kwamba maji yakifunika njia anarudi nyumbani au anabaki shuleni, na hapigwi kwa kuchelewa.

Inamfaa nani. Mtoto wa shule ya karibu, mwenye wenzake wa kutembea nao, na ambaye njia yake haina barabara kubwa, au inayo lakini kuna mtu mzima wa kumvusha.

Daladala

Barabara. Ndani ya basi mtoto ana bodi la chuma kumzunguka, na hilo si haba. Shida iko mlangoni na hatua kumi baada ya mlango. Mtoto akishuka, nyumba yao iko ng'ambo, hupita mbele ya pua ya daladala kuvuka. Dereva wa daladala hamwoni kwa ufupi wake, na gari linaloipita daladala halimwoni kabisa. Kanuni iwe moja, bila msamaha: ukishuka, subiri basi liondoke, ndipo uvuke.

Yuko na nani. Yuko na umma. Kuna akina mama watakaompakata mdogo na kumtetea kwa konda, nimewaona wengi na Mungu awalipe. Kuna pia wanaojibanza kwa wasichana kwenye msongamano. Mwambie mtoto waziwazi kwamba ana ruhusa ya kupaza sauti, kuhama pale aliposimama, kushuka kituo chochote chenye watu, na kwamba nyumbani ataaminiwa. Hili halisubiri afike sekondari.

Saa. Kipimo hiki ndicho kinachowaumiza zaidi watoto wa daladala. Desemba 2023 nauli ya mtu mzima kwa safari fupi za Dar ilipanda hadi shilingi 600, ya mwanafunzi ikabaki 200. Ni sahihi kabisa nauli ya mwanafunzi iwe ndogo, lakini konda mwenye hesabu ya tajiri jioni anaona anahitaji wanafunzi watatu kupata nauli ya mtu mzima mmoja. Nenda Mbagala Rangi Tatu au Gongo la Mboto kabla ya jua kutoka uangalie. Basi linafika, konda anaweka mkono mlangoni kama kizuizi cha geti, watu wazima wanapita, denti anaambiwa "wawili tu, wametosha". Mdogo kuliko wote anainama, anapenya chini ya kwapa la konda, begi linanasa mlangoni, na gari limeshaanza kutembea. Mtoto huyo hana utovu wa nidhamu, anaogopa fimbo ya wachelewaji. Shule inayomchapa mtoto wa daladala kwa kuchelewa inamsukuma kudandia.

Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake peke yake, una vituo vyenye sakafu sawa na mlango na kivuko kinachojulikana, kwa hiyo kupanda na kushuka kuna nafuu. Msongamano ni ule ule.

Fedha. Kwa nauli hiyo ya mwanafunzi, gari moja kwenda na moja kurudi ni shilingi 400 kwa siku. Kwa siku 22 za shule ni 8,800. Akiunganisha magari mawili ni 17,600. Mpe siku zote akiba ya nauli ya mtu mzima, ili siku anayoachwa na magari matatu aweze kulipa kama mtu mzima badala ya kuomba lifti.

Siku mbaya. Mgomo wa daladala, mafuriko au msiba wa barabarani, na mtoto yuko kituoni hana simu. Akariri namba mbili za nyumbani kichwani, na ajue duka moja au zahanati karibu na kila kituo anachobadilishia gari ambako ataingia na kusema amekwama.

Inamfaa nani. Mwanafunzi wa darasa la tano kwenda juu au wa sekondari, mwenye njia ya gari moja, anayesafiri na wenzake. Wa darasa la kwanza na la pili peke yake, kwa maoni yangu, hapana, hata kama ni mjanja.

Basi la shule, na Noah za mtaani

Nimeyaweka pamoja kwa sababu mzazi hulipa akiamini ananunua kitu kimoja. Wakati mwingine ndivyo, wakati mwingine sivyo.

Barabara. Basi zuri linamchukua mtoto upande wa nyumbani kwao na kumwingiza ndani ya geti. Yaani linafuta kuvuka barabara kabisa, na hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko mkanda na rangi. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, inataka basi la wanafunzi liwe la njano ili litambulike. Ila rangi haiendeshi gari. Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, Karatu, wakafariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Kwa wengi wetu siku ile haijapita. Kwa hiyo nenda kalione basi. Ingia ndani. Hesabu viti, kisha omba orodha ya watoto wa njia hiyo, uone kama kila mmoja ana kiti chake. Vuta mikanda. Angalia kashata za tairi. Dereva ana leseni ya daraja la kubeba abiria? Basi likipinda linakwenda mwendo gani? Mwulize mtoto aliyekwisha kulipanda wiki mbili, atakwambia ukweli wote.

Noah ya mtaani, gari dogo la mtu binafsi linalobeba watoto kwa malipo, nayo ina watu wake waaminifu, kuna akina baba wanaowachukua watoto kama wa kwao. Lakini Noah ilitengenezwa kwa watu wanane. Ukifungua mlango saa 12 asubuhi ukakuta watatu kwenye kiti cha mbele, wengine wanapakatana, na mabegi yamerundikwa mlangoni mpaka wa nyuma hawawezi kutoka bila mabegi kushushwa kwanza, humo gari likishika moto au likipinduka hakuna muujiza. Afadhali wazazi walipe zaidi kidogo dereva apunguze watoto au apige safari mbili.

Yuko na nani. Uliza habari za msimamizi kabla ya bei. Basi lenye dereva peke yake halitoshi: anaendesha, anafungua mlango, anatuliza ugomvi, na mdogo anashushwa kituo ambacho si chake. Awepo matroni mwenye orodha, anayeweka alama mtoto akipanda na akishuka, na asiyemwacha mdogo mpaka mpokeaji aonekane kwa macho. Mwisho wa kila safari atembee mpaka kiti cha nyuma kabisa na kuangalia chini ya viti. Mtoto wa chekechea akisinzia huteleza chini, na gari likifungwa juani joto hupanda kwa dakika chache.

Kuna jambo zito zaidi. Mtoto wa kwanza kuchukuliwa na wa mwisho kushushwa hubaki peke yake na mtu mzima. Uliza nani huyo wa mwisho kwenye njia yenu, na kwa nini msimamizi asibaki mpaka yeye ashuke. Mtoto aliyekuwa akipenda basi na ghafla analia kulipanda, msikilize kabla ya kumgombeza.

Saa. Hapa basi linapoteza. Likizunguka Tegeta, Salasala na Mbezi kuokota watoto, wa kwanza anaamshwa saa kumi alfajiri ili shule iwe na basi moja badala ya mawili. Uliza dakika anazokaa ndani, kwa mtoto wako mwenyewe. Zikizidi saa moja na nusu kwa mtoto wa awali, tafuta njia nyingine, hata kuhamia shule ya karibu.

Fedha. Ni ghali kuliko zote isipokuwa gari lako, hulipwa kwa muhula, na mara nyingi mtoto akiugua wiki mbili hurudishiwi kitu.

Siku mbaya. Aprili 2024, Arusha, maji ya mvua yalilisomba basi la shule na watoto wakapoteza maisha. Shuleni kwenu liulizwe swali hili kwenye kikao cha wazazi: dereva akikuta maji yamefunika barabara, ana ruhusa ya kugeuza bila kuogopa kufokewa? Wazazi nao tuache kumpigia simu kila dakika tano tukimwuliza amefika wapi. Anapokea akiwa anaendesha.

Inamfaa nani. Watoto wadogo, wenye shule ya mbali, na wazazi wanaotoka kabla ya mtoto, mradi msimamizi na hesabu ya viti vimethibitishwa.

Bodaboda na bajaji

Barabara. Pikipiki haina ukuta. Kinachomkinga mtoto ni kofia ngumu na busara ya dereva. WHO imekuwa ikisema kofia nzuri inapunguza majeraha mabaya ya kichwa kwa takriban asilimia 70, ila kofia ya mtu mzima kwenye kichwa cha miaka saba inazunguka kama sufuria na kumziba macho. Kama mtoto atapanda boda kila siku, mnunulie ya saizi yake, aivae mwenyewe, afunge mkanda chini ya kidevu. Miguu yake ifike kwenye vikanyagio. Isipofika, hajafikia umri wa kupanda, maana ataning'iniza mguu karibu na ekzosi. Makovu ya kuungua kwenye mashavu ya miguu ya watoto wa mjini yanatosha kutufundisha. Sketi ndefu na hijabu zikunjwe zisiingie kwenye spoku.

Mishikaki, dereva na watoto watatu wanne, hairuhusiwi kisheria na haina utetezi wowote. Anayekupa punguzo la bei kwa kuwabeba wote pamoja amekupunguzia mahali pabaya.

Bajaji ina nafuu ya paa na kiti, na haiangushi kirahisi kama pikipiki, lakini pembeni iko wazi na inapinduka ikikata kona kwa kasi. Wakae ndani, mdogo katikati, mikono isitoke nje.

Yuko na nani. Yuko na mtu mmoja, na mtu huyo ndiye uamuzi wote. Kijana wa kijiwe cha mtaani kwenu, unayemjua kwao, mwenye namba inayojulikana na viongozi wa kijiwe, anaweza kuwa mwaminifu kuliko basi. Yeyote anayepita siye. Kwa mabinti ongeza tahadhari: habari za lifti na chipsi kila mwalimu wa sekondari anazijua, zinaanza na "panda, hutalipa". Nauli ilipwe na mzazi, kwa wiki au kwa mwezi, mtoto asiwe na deni wala fadhila kwa dereva.

Saa. Haraka kuliko zote. Kwa mtoto anayekaa ndani ndani kusikofika daladala, huenda boda ndiyo inayompa saa nzima ya usingizi.

Fedha. Buku (shilingi elfu moja) au buku mbili kwa safari fupi huonekana kidogo, ila ukizidisha kwa mwezi unakaribia gharama ya basi. Watoto watatu wa bajaji moja wakichangia, hesabu inakuwa nzuri.

Siku mbaya. Mvua, tope, breki hazishiki. Boda haipandwi mvua ikinyesha, bora kuchelewa. Dereva wako akiumwa, asitume "mwenzake" bila wewe kumwona.

Inamfaa nani. Bajaji yenye dereva wa kudumu: watoto wa mtaa mmoja, umbali mfupi, barabara za ndani. Pikipiki: mkubwa ambaye miguu inafika, ana kofia yake, na njia haigusi barabara kubwa.

Gari la nyumbani

Barabara. Mtoto akae nyuma, afunge mkanda, wadogo wawe na kiti chao. Kumpakata mbele ni mapenzi yanayoweza kumuua: breki ya ghafla, uzito wako unambana kwenye dashibodi, na mfuko wa hewa hulipuka usawa wa uso wake. Kiti cha kuinulia kinahitajika mpaka afike kama sentimita 135, mkanda upite begani badala ya shingoni. Halafu kuna geti. Magari yetu wenyewe saa moja asubuhi ndiyo yanayowatisha watoto wanaotembea: tunarudi nyuma bila kuangalia, tunasimama juu ya zebra, tunamshusha mtoto upande wa barabara. Ashuke kushoto, kwenye ukingo, na wewe uondoke akiwa ameshaingia.

Yuko na nani. Na wewe. Hakuna kinachozidi hilo, na mazungumzo ya garini ni ya thamani; mengi ya shuleni utayasikia humo kabla ya kuyasikia popote.

Saa. Asubuhi nzuri, mchana tatizo. Mtoto anatoka saa nane na wewe unatoka kazini saa kumi na moja. Masaa hayo matatu anakaa wapi, na chini ya nani? Wengi hupanga vizuri kwenda na kusahau kurudi.

Fedha. Mafuta, foleni, na saa za kazi. Familia mbili tatu zikipeana zamu, inapungua.

Siku mbaya. Lazima shule iwe na majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua. Mkubaliane na mtoto neno la siri. Asiyelijua, hata akisema "mama kanituma", haondoki naye.

Inamfaa nani. Mzazi ambaye ratiba ya kazi inalingana na ya shule, au mwenye jamaa wa kuaminika wa zamu ya mchana.

Ukiwa hapa, fanya hivi

Shule iko karibu na mtoto ni mdogo: mtembee pamoja, na uanze kutafuta wenzake wa njia. Kundi likipatikana, zamu zitakurudishia asubuhi zako.

Shule iko karibu lakini barabara kubwa iko katikati: usinunue usafiri wa kilomita tano kutatua mita thelathini. Tafuteni mvushaji. Wazazi wakichanga kidogo kidogo wanaweza kumpa posho mtu mzima anayeheshimika mtaani, akiwa na kizibao kinachong'aa na kibao cha kusimamisha magari, huku barua ya matuta ikiwa TARURA au TANROADS. Mshirikisheni trafiki wa eneo, hata akija siku mbili za wiki mwendo wa magari unabadilika.

Shule ni ya mbali na fedha za basi zipo: lipa kwa masharti ya msimamizi, kiti kwa kila mtoto na muda wa njia. Mkiwa wazazi kumi mnauliza maswali yale yale, shule itasikia.

Shule ni ya mbali na basi haliwezekani: daladala na wenzake, akiba ya nauli, na mazungumzo na mwalimu wa darasa kuhusu kuchelewa kabla fimbo haijatokea. Kama ni mdogo mno kwa daladala, bajaji ya kuchangia mpaka afike darasa la tano. Au uliza kama uhamisho wa shule ya karibu unawezekana. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 shule za msingi za umma zimejaa, lakini omba.

Mtoto ana ulemavu, haoni vizuri au hasikii: anza na kipimo cha pili, yuko na nani. Asiyesikia honi hapaswi kuachiwa kuvuka kwa masikio ya wengine. Awe na mwenzake wa kudumu wa kushikana mkono, na dereva au konda wa njia hiyo ajulishwe na wewe mwenyewe.

Chochote utakachochagua, wiki ya kwanza safiri naye njia nzima, saa ile ile, kwenda na kurudi, ukimwacha yeye akuongoze. Utaona anasimama wapi, anachungulia au hachungulii, na konda gani anamjua. Na akariri 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto: akiguswa vibaya, akifuatwa au akitishwa, anaweza kupiga hata kabla hajathubutu kukwambia wewe.